Zabibu Juani: Kuitazama Upya Filamu ya "A Raisin in the Sun"

Mfasiri akikabidhiwa kazi huanza na jina, na mara nyingi jina ndilo la mwisho kupatikana. Miaka kadhaa iliyopita vijana wa kikundi kimoja cha maigizo mtaani kwetu waliniomba niwafasirie tamthilia ya Lorraine Hansberry iitwayo "A Raisin in the Sun". Mazungumzo yake yalikubali kuingia katika Kiswahili bila ya kunitaabisha mno. Jina lake lilinikalia kooni kama mwiba wa samaki.

Jina hilo Hansberry alilichukua katika shairi fupi la Langston Hughes liitwalo "Harlem", la mwaka 1951, ambalo huuliza ndoto inayocheleweshwa hufikia wapi. Miongoni mwa tamathali anazozitaja mshairi ni zabibu inayokauka kwa jua. Sasa taabu ilikuwa hapa: neno letu zabibu halitenganishi tunda bichi na tunda kavu. Sisi wa visiwani hatupandi mizabibu, na zabibu tuliyoizoea tangu utotoni ni ile iliyokwisha kukauka, inayotiwa katika pilau na halua. Kwetu zabibu haikauki. Imekauka kabla hatujaiona, na ndivyo ilivyo tamu. Zaidi ya hayo, sisi ni watu wa karafuu. Ni jua ndilo linaloifanya karafuu kuwa mali. Basi nikajiuliza: je, msikilizaji wangu atasikia maangamizi katika jina hili, au atasikia mavuno?

Suali hilo ndilo lililonirudisha kwenye filamu, ambayo mara ya kwanza niliitazama nikiwa kijana na nikadhani nimeielewa. Mimi sikusomea uhakiki chuoni. Nilichojifunza nimejifunza kwa kusoma na kukosea, na mojawapo ya makosa yangu ya zamani ndiyo maudhui ya makala haya.

Tuanze na asili yake. Tamthilia hii ilifunguliwa katika jukwaa la Broadway, New York, tarehe 11 Machi 1959, chini ya uongozi wa Lloyd Richards. Hansberry alikuwa na umri wa miaka 28, naye akawa mwanamke mweusi wa kwanza kuonyeshewa tamthilia yake Broadway. Mwaka huohuo ilipata tuzo ya wahakiki wa tamthilia wa New York. Filamu ilitoka mwaka 1961, ikiongozwa na Daniel Petrie na kutolewa na kampuni ya Columbia, na mswada wake aliuandika Hansberry mwenyewe. Waigizaji wakuu wa jukwaani karibu wote walihamia kwenye filamu: Sidney Poitier kama Walter Lee, Claudia McNeil kama mama yake Lena, Ruby Dee kama Ruth mke wa Walter, na Diana Sands kama Beneatha dada yake. Ni filamu ya rangi nyeusi na nyeupe, ya muda wa saa mbili na dakika nane.

Kisa chenyewe ni chepesi kukisimulia. Familia ya Younger, ya watu watano wa vizazi vitatu, inaishi katika nyumba finyu ya kupanga upande wa kusini wa Chicago. Choo wanashirikiana na majirani, na mtoto Travis, mwenye umri wa miaka kumi, hulala kwenye kochi la sebuleni. Baba mkubwa wa nyumba amefariki, na hundi ya bima ya maisha yake, dola 10,000, inasubiriwa. Walter, dereva wa tajiri mmoja mweupe, anazitaka fedha hizo afungue duka la ulevi pamoja na marafiki. Beneatha anataka kusomea udaktari. Mama anataka nyumba yenye ua na jua la kutosha. Mama anatoa dola 3,500 ziwe arubuni ya nyumba katika mtaa wa Clybourne Park, mtaa wa watu weupe watupu. Zilizobaki, dola 6,500, anamkabidhi mwanawe, na kumwagiza aweke 3,000 kwa ajili ya masomo ya dadake. Walter hakuweka hata senti. Zote alimpa rafiki yake Willy Harris, na Willy akatoweka nazo.

Kisha kuna bwana Lindner, aliyetumwa na jumuiya ya wakaazi wa Clybourne Park. Amekuja kwa upole kuwaambia akina Younger kwamba jumuiya iko tayari kuwalipa zaidi ya walichotoa, ili wasihamie. John Fiedler amemwigiza mtu huyu kwa sauti nyembamba na tabasamu la kuomba radhi, na hapo pana ustadi mkubwa. Lindner hatukani wala hapayuki, na anataka kila mtu aelewane na mwenzake. Msomaji wa Kiswahili, aliyelelewa kujua kwamba tusi zito zaidi ni lile lililofungwa katika adabu, atamtambua mara moja. Sisi husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lindner amefunga safari kwenda kuwaambia wageni wasije, ili mwenyeji apone.

Tendo hili halikutoka hewani. Baba yake Hansberry, Carl, alinunua nyumba katika mtaa wa watu weupe huko Chicago mwaka 1937, Lorraine akiwa bado mtoto mdogo. Kundi la watu liliizingira nyumba, na kipande kizito kilichovurumishwa dirishani nusura kimpate yeye. Majirani wakaenda mahakamani wakishika mapatano yaliyokataza kuwauzia watu weusi nyumba za mtaa ule. Kesi ilifika hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1940 Carl Hansberry akashinda, ingawa kwa hoja ya utaratibu wa kesi na si kwa kuyabatilisha mapatano yenyewe. Alifariki mwaka 1946 nchini Mexico, alikokuwa akijiandaa kuhamishia familia yake. Binti aliyeandika kumbukumbu hii katika sura ya tamthilia alijua kwamba kufungua mlango wa nyumba mpya si mwisho wa kisa.

Wahakiki wengi wameilaumu filamu hii kwa kosa moja: kwamba ni jukwaa lililopigwa picha. Kamera, wanasema, imejifungia katika sebule ileile, na watu huingia na kutoka kama waigizaji. Nayapinga maoni hayo, ingawa si kwa ukamilifu. Kufinyika ndiko habari yenyewe. Watu wazima wanne na mtoto hawawezi kugombana humo bila ya kusikiwa, na mtu akitaka kulia hana chumba cha kulilia. Petrie ameiweka kamera katikati yao, kwenye meza ya chakula na ubao wa pasi, mpaka mtazamaji naye anataka mtu afungue dirisha. Filamu ambayo ingetuzungusha mjini kwa nusu ya muda wake ingetupa pumzi ambayo familia hii haina.

Tena, pale filamu inapotoka nje, si kila mara inapata faida. Imetupeleka baa, ambako Mama anamfuata Walter na kumkabidhi fedha. Jukwaani tendo hilo linatokea nyumbani. Hasara ndogo hiyo. Hasara kubwa zaidi ni safari ya familia kwenda kuitazama nyumba mpya. Jukwaani nyumba ile haionekani kamwe. Tunaisikia tu katika kinywa cha Mama, na kila msikilizaji anaijenga kwa matofali ya hamu yake mwenyewe. Filamu imetuonyesha kuta na vyumba, na nyumba ikawa nyumba tu. Mshairi anajua jambo hili kwa kazi yake: kisichoonyeshwa hukua.

Ni haki kuongeza kwamba mtunzi mwenyewe alitaka kutoka nje kwa njia nyingine. Mswada wake kamili, uliochapishwa mwaka 1992, muda mrefu baada ya kifo chake cha mwaka 1965, una mandhari ambayo haikuonekana katika filamu: Mama akihangaika sokoni kutafuta matunda yanayofaa kwa bei inayofaa, na Walter akimsikiliza msemaji wa barabarani anayezungumzia Afrika. Hizo hazikuwa safari za kupumzisha macho. Zingetuonyesha kwamba mji wenyewe ndio uliowabana, na kwamba ukuta wa sebule ile ulianzia mbali.

Nalo tumbo la Afrika katika kisa hiki limepunguzwa pia. Asagai, mwanafunzi wa Kinigeria anayempenda Beneatha, ameigizwa na Ivan Dixon. Amemletea vazi la kwao na kumpa jina la Kiyoruba, Alaiyo. Tamthilia iliandikwa kabla Nigeria haijapata uhuru wake wa tarehe 1 Oktoba 1960, na filamu ikatoka baada yake. Katika maandishi, Asagai anazungumza kwa kirefu kuhusu siku zijazo, na kwa ujasiri wa kushangaza anakiri kwamba huenda yeye mwenyewe akaja kuuawa na wananchi wenziwe, na hilo analiona kuwa sehemu ya mwendo. Haya yaliandikwa miaka saba kabla ya mapinduzi ya kijeshi ya Nigeria ya 1966. Msomaji wa visiwani, mwenye kumbukumbu zake za miaka ya sitini, hatayasoma maneno hayo kwa wepesi. Kwa hivyo ni msiba kwamba filamu imemwacha Asagai zaidi kama mchumba mwenye mvuto kuliko kama mtu mwenye hoja.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Nilipoitazama filamu hii ujanani niliona mtu mmoja tu, Sidney Poitier. Wa kulaumiwa ni nani? Yule mwana wa wazazi wa Bahamas, aliyelelewa katika Cat Island, kisiwa kidogo kuliko vyetu, aliijaza sebule ile kama simba aliyetiwa katika tundu la kuku. Poitier mwenyewe, aliyefariki mwaka 2022, alisimulia katika kumbukumbu zake kwamba walipokuwa jukwaani yeye na Claudia McNeil walivutana: je, kisa hiki ni cha mwana au cha mama? Yeye aliamini kwamba nguvu ya tamthilia imo katika kumfuata Walter. Mama akiwa ndiye nguzo, mwana huwa mtoto mtundu tu. Kwa muda mrefu nilidhani kwamba hayo ndiyo masuali mawili pekee yanayowezekana, nikamuunga mkono Poitier.

Lakini mfasiri hulazimika kupita katika kila kinywa. Nilipofika kwenye maneno ya Ruth niliona ni machache na makavu, mengi yakihusu mayai, viatu, nauli na wakati. Nikarudi kwenye filamu kumtazama Ruby Dee anayafanya nini maneno hayo, na hapo nikatambua kwamba kwa miaka mingi nilikuwa nimetazama upande mwengine.

Litazame tukio la asubuhi, mwanzoni kabisa. Travis anahitaji senti 50 za shule. Ruth anamjibu kwamba hazipo, na kwa hakika hazipo. Walter anasikia, anaona aibu mbele ya mwanawe, anatia mkono mfukoni na kumpa senti 50, kisha anamwongezea 50 nyingine, huku akimtazama mkewe. Mtoto anatoka na furaha, baba amevimba kwa fahari. Dakika chache baadaye Walter anarudi mlangoni: hana nauli ya kwendea kazini. Ruth ndiye anayempa.

Tukio hili hupita kama mzaha. Hata hivyo, limekibeba kisa kizima. Mwanamume ananunua heshima mbele ya mtoto kwa fedha isiyokuwepo, na mwanamke analipa deni kimyakimya. Dola 6,500 za Willy Harris ni dola moja ya asubuhi ile iliyokua. Na hapa ndipo kamera inapoishinda jukwaa. Mtazamaji wa safu ya nyuma ya ukumbi husikia mzaha. Kamera ipo karibu na uso wa Ruby Dee, na katika uso ule hamna hasira. Muna hesabu. Anahesabu alichonacho, alichotoa, na siku zilizobaki kabla ya mshahara. Bodi ya Taifa ya Uhakiki wa Filamu ya Marekani ilimpa Ruby Dee tuzo ya mwigizaji msaidizi bora wa mwaka 1961, nami nasema neno msaidizi limepungua.

Ruth ana mimba ambayo hana pa kuilaza. Amekwisha kutoa arubuni yake mwenyewe, dola tano, kwa mwanamke atakayeitoa. Tazama jinsi Hansberry alivyoziweka arubuni hizi mbili katika kisa kimoja: dola tano za kumzuia mtu asije duniani, na dola 3,500 za kumpatia mahali akija. Mtunzi hakutuhubiria chochote. Ameziweka sambamba tu, na mwenye macho ataona.

Kisha lifuate tendo ambalo nilikuwa sikuliona. Fedha zimekwisha kuibwa. Mama, aliyesimama imara kuliko wote, amevunjika. Anasema wasihame tena, wataikarabati nyumba hii ya zamani, pazia hapa, kabati pale. Ni nani anayekataa? Si Walter, ambaye hayupo. Ni Ruth. Anaahidi kufanya kazi saa ishirini kwa siku katika majiko yote ya Chicago, mtoto akiwa amembeba mgongoni ikibidi, lakini kuhama watahama. Basi kabla ya ule ukataaji mashuhuri wa Walter mbele ya Lindner, palitangulia ukataaji mwengine, ambao haukupigiwa makofi.

Sisemi haya ili kumshusha Walter. Tukio lake la mwisho ni miongoni mwa mambo makubwa ambayo sinema imetuachia. Amemwita Lindner ili azipokee fedha na kuuza staha ya familia. Amekwisha kuwaonyesha wa nyumbani namna atakavyopiga magoti. Lindner anawasili, Mama anataka Travis abakie, aone baba yake anafanya nini. Walter anaanza kuzungumza kwa sauti ya chini, anakwama, anaanza tena, na maneno yanakwenda mahali ambapo yeye mwenyewe hakukusudia: baba yake ameilipia nyumba ile kwa jasho, tofali kwa tofali, nao watahamia. Poitier hakulitoa neno hili kwa mngurumo. Amelitoa kama mtu anayejifunza kusema.

Ukiyaweka matukio mawili haya pamoja, la senti 50 na la Lindner, utaona kwamba ni tukio moja lililopinduliwa. Katika yote mawili mtoto anatazama, na baba anataka kuwa mtu mbele yake. Mara ya kwanza heshima ililipwa kutoka mfukoni mwa Ruth. Mara ya mwisho Walter anakataa fedha, na kwa mara ya kwanza anatoa kitu kilicho chake. Katika kufasiri nilijaribu neno fahari nikalifuta, nikajaribu heshima nikalifuta pia. Fahari alikuwa nayo tangu asubuhi ile, na heshima aliitafuta kwa watu wengine. Anachokipata hapa lugha yetu inacho neno lake, nalo ni utu.

Hata hivyo lazima tuulize, kama Ruth angeuliza: kesho nani atalipa? Nyumba ina malipo yake ya kila mwezi na akiba imekwisha, na majirani ni wale waliomtuma Lindner. Katika maandishi ya Hansberry yumo jirani mmoja, Bibi Johnson, anayekuja na gazeti lenye habari za mabomu yaliyotegwa katika nyumba za watu weusi waliohamia mitaa ya weupe. Tukio hilo liliondolewa Broadway mwaka 1959, wala halimo katika filamu. Limerejeshwa katika matoleo ya baadaye. Kuondoka kwake kumewafanya watazamaji wengi watoke ukumbini wakidhani wameona kisa cha furaha. Nalihesabu hilo kuwa pengo kubwa zaidi la filamu hii, kuliko sebule inayolaumiwa. Mwenye kuitazama leo na azingatie gazeti lisiloonekana juu ya meza.

Mwishoni wapagazi wameshachukua vyombo, Mama amebaki peke yake katika sebule tupu. Anatoka. Kisha anarudi kuchukua mche wake mdogo uliodumaa dirishani, aliokuwa akiulea kwa jua haba lililokuwa likiingia humo. Huo mche haukufa, wala haukunawiri. Uliishi.

Hapo ndipo nilipolipata jina langu. Niliandika "Zabibu Juani", bila ya kuongeza neno kavu wala bichi. Vijana wale waliniuliza ni ipi, nikawajibu kwamba ndani ya nyumba ile zimo zote. Ndoto ya Walter ilikuwa bado mbichi ilipotupwa juani, ikachacha. Ya Mama ilikaa juani zaidi ya miaka thelathini, ikasinyaa, na utamu wake ukabaki ndani. Na ya Ruth haikupata hata jamvi la kuanikwa. Aliibeba mfukoni, pamoja na nauli ya watu wengine. Vijana walicheka kidogo, kisha yule aliyepangiwa kumwigiza Ruth, ambaye wiki mbili alikuwa akilalamika kwamba sehemu yake ni fupi, akaomba apewe maandishi yake ayasome upya.